Saa mbili ndani ya gereji ya Rick: kwa nini wachezaji wa gemu moja hawaelewani

Wachezaji wa Rick and Morty: Virtual Rick-ality, gemu la uhalisia pepe (VR) linalochezwa kwa miwani inayofunika macho, wana tabia moja ya ajabu. Hulisifu gemu hilo kama mtu anayemtetea mdogo wake mtaani, halafu sentensi inayofuata wanamwambia msomaji asilinunue. Asilinunue kwa bei kamili, angalau. Mmoja anasema alicheka hadi sponji ya miwani ikalowa machozi. Mwenzake, aliyecheza gemu lilelile kwa muda uleule, anasema ametupa dola 30 shimoni. Wote wawili wanasema kweli, maana hawajibu swali moja. Wa kwanza anajibu kama amefurahi, na wa pili anajibu kama kilichomfurahisha kina thamani ya alichokitoa mfukoni. Nyuma yao kuna wengine wanaojibu maswali mengine kabisa: kama kamera iliiona mikono yao, kama walizielewa utani za katuni, kama sebule yao ilitosha.

Gemu hili lilitengenezwa na Owlchemy Labs, studio ya Austin, Texas, na kutolewa na Adult Swim Games, ndugu wa chaneli ya Adult Swim inayorusha katuni ya Rick and Morty tangu Desemba 2013. Lilitoka tarehe 20 Aprili 2017 kwa miwani za HTC Vive na Oculus Rift, likafika kwenye PlayStation VR, miwani ya mashine ya PlayStation, tarehe 10 Aprili 2018. Bei yake ya kutoka ilikuwa dola 29.99.

Ndani yake mchezaji si Rick, yule babu mwanasayansi mlevi, wala si Morty, mjukuu wake anayetetemeka sauti. Yeye ni nakala ya Morty, kiumbe kilichotengenezwa kwa ajili ya vijikazi ambavyo hakuna mtu nyumbani anayetaka kuvifanya. Kazi ya kwanza ni kufua nguo za Rick. Unasimama kwenye gereji ya familia ya Smith, mbele yako benchi la kazi, mashine ya kufulia na rafu zilizojaa makorokoro ya angani, na Rick anakuamuru hili na lile huku akibeua katikati ya sentensi. Huendi kwa miguu. Gereji ina vituo vichache vilivyopangwa, na ukitaka kuhama unakielekezea kontrola kituo unachokitaka, unabonyeza, na papo hapo umesimama pale. Baadaye milango ya kijani ya bastola maarufu ya Rick hufunguka, unaingia ulimwengu mwingine kwa dakika chache, unatatua fumbo, unarudi gerejini.

Hadithi nzima huisha kwa takriban saa mbili. Mtu anayekagua kila droo, kutafuta kanda za kaseti zilizofichwa na kujaribu kila kitu na kila kitu anaweza kuongeza saa moja au mbili. Karibu ugomvi wote juu ya gemu hili unaanzia kwenye namba hiyo.

Kidole gumba hakijui bei

Tuanze na namna maoni yenyewe yanavyohesabiwa, kwa sababu wengi huisoma asilimia ya Steam, duka la mtandaoni la magemu ya kompyuta, kana kwamba ni alama za mtihani. Sivyo. Mchezaji wa Steam hatoi alama saba juu ya kumi. Anaulizwa jambo moja tu, kama analipendekeza gemu au halipendekezi, na jibu ni kidole gumba juu au kidole gumba chini. Asilimia ni idadi ya vidole vilivyo juu, basi. Gemu ambalo watu mia wote wanaliona "zuri kidogo" litapata 100. Gemu ambalo watu 75 wanaliabudu na 25 wanalichukia litapata 75, ingawa huenda wale 75 wamepata kitu cha kukumbukwa miaka kumi. Lebo za maneno zinafuata hesabu hiyohiyo: kuanzia asilimia 70 hadi 79 gemu huitwa lenye maoni mazuri kwa kiasi kikubwa, na 80 kwenda juu mazuri sana, mradi watoa maoni wawe wa kutosha.

Kwa gemu fupi na ghali, mfumo huu una kasoro moja kubwa. Kidole hakina mahali pa kuandika "ndiyo, lakini subiri punguzo". Mtu anayeshikilia msimamo huo hulazimika kuchagua upande. Wengi huchagua juu, kwa sababu wamecheka, kisha wanaandika malalamiko ya bei kwenye maandishi. Wengine huchagua chini, kwa sababu wameumia mfuko, kisha maandishi yao yanalisifia gemu mwanzo hadi mwisho. Watu wawili wenye maoni yaleyale, kura mbili zinazopingana. Ndiyo maana kwenye gemu hili maandishi yana thamani kuliko kidole, na maandishi yenyewe lazima uyasome pamoja na saa za mchezaji zinazoonyeshwa juu yake.

Saa hizo nazo zina ujanja wake. Steam huhesabu tangu programu inapofunguliwa hadi inapofungwa. Mtu aliyeivua miwani, akaiweka mezani na kwenda kula wakati gemu bado linaendelea, anahesabiwa anacheza. Kwa hiyo saa 1.8 kwenye gemu hili mara nyingi ni mtu aliyemaliza hadithi na kuondoka. Saa 4 ni mtu aliyerudi kutafuta kaseti, au mtu aliyewaalika marafiki na kuwapokeza miwani mmoja baada ya mwingine. Huyu wa marafiki ndiye mwenye maoni ya ukarimu kuliko wote, na ana sababu: kaona kichekesho kikichekesha mara tano kwa bei moja.

Halafu kuna sheria ya kurudishiwa pesa. Steam hukurudishia ukiomba ndani ya siku 14 tangu kununua, nawe uwe umecheza chini ya saa mbili. Gemu linaloisha kwa saa mbili likikutana na sheria ya saa mbili, mtu mwepesi anaweza kuona mwisho wa hadithi na bado akadai chake. Baadhi ya wachezaji wanalisema hili waziwazi, wengine kwa kujigamba, wengine kwa kuwalaumu waliofanya hivyo. Upande wa PlayStation hali ni tofauti: ukishaanza kupakua gemu, kwa kawaida pesa hairudi isipokuwa gemu lenyewe liwe bovu. Mnunuzi wa PlayStation VR aliyejikuta amemaliza kabla ya chakula cha usiku hakuwa na mlango wa kutokea, na ukali wa baadhi ya maneno yake una mizizi hapo.

Aprili 2017: njaa ya mashabiki na miwani isiyo na gemu

Maoni ya wiki za kwanza hayaeleweki bila kukumbuka hali ya wakati ule. Msimu wa pili wa katuni ulikwisha Oktoba 2015. Mashabiki wakakaa mwaka mmoja na nusu bila kipindi kipya, mpaka tarehe 1 Aprili 2017, siku ya wajinga, chaneli ilipokirusha cha kwanza cha msimu wa tatu bila kumtangazia mtu. Kisha kimya tena hadi 30 Julai. Gemu lilitoka siku 19 baada ya kipindi hicho kimoja. Kwa shabiki aliyeonjeshwa tone na kunyang'anywa kikombe, saa mbili za Rick na Morty wakigombana kwa sauti zao halisi zilikuwa sawa na vipindi vitano au sita, naye akiwa amesimama ndani yake. Hakuwa ananunua gemu. Alikuwa ananunua vipindi.

Kundi la pili la wanunuzi lilikuwa na njaa nyingine. Vive ilianza kuuzwa 2016 kwa dola 799, na Rift kwa dola 599, kabla ya kontrola zake za Touch zilizoongezwa Desemba kwa dola 199. Hesabu hiyo ni bila kompyuta. Watu waliokuwa wametoa pesa hizo walitafuta kitu cha kuwaonyesha wageni, na magemu yenye hadithi ya kumaliza hayakuwa mengi. Saa mbili zilizokamilika, zenye sauti za kweli na mikono inayoshika, hazikuwa haba kwa wakati ule.

Ila kulikuwa na kipimo kilichowasumbua hao hao. Studio hiyohiyo ilikuwa imetengeneza Job Simulator, ambamo roboti wanakufundisha kazi za zamani za wanadamu: ofisini, jikoni, dukani na gereji ya magari. Waliolipia Vive mapema walipewa Job Simulator bure pamoja na miwani. Mtu wa namna hiyo alipoingia gereji ya Rick aliitambua mara moja mifupa ya gemu: ushikaji uleule wa vitu, vifaa vilevile vya kubonyeza na kuvuta, uhuru uleule wa kufanya fujo. Lawama kwamba hili ni Job Simulator lililopakwa rangi mpya si ya uongo, ila ina uzito mkubwa zaidi kwa aliyepata lile la kwanza bure. Aliyeanzia kwenye gereji ya Rick hana cha kulinganisha, na kwake kila droo ni ugunduzi.

Kichekesho kinapokuwa mikononi mwa mtazamaji

Hapa ndipo penye utamu wa jambo lenyewe, na ni sehemu ambayo maoni mengi yanaigusa bila kuitaja.

Katuni ya vichekesho inaishi kwa kipimo cha muda. Mhariri anajua fika sekunde ambayo jicho litaona uso wa Morty, sekunde ambayo mlango utapigwa, na ukimya wa nusu sekunde kabla ya tusi. Ukimpa mtazamaji kichwa kinachogeuka na mikono inayoshika, mhariri amenyang'anywa mkasi. Rick anaanza hotuba, na mchezaji amegeuka nyuma anajaribu kuisawazisha chupa juu ya mpira. Utani umepita. Hakuna kitufe cha kurudisha nyuma.

Owlchemy walilijua tatizo hili, na dawa yao ina pande mbili. Kwanza, mistari mirefu ya hadithi huwekwa pale ambapo mchezaji hana la kufanya zaidi ya kusikiliza, na hatua inayofuata haifunguki hadi maelezo yaishe. Wachezaji wenye papara wanalalamikia hili kama kushikwa koo: wanajua wanachotakiwa kufanya, ila wanamngoja babu amalize kubwabwaja. Pili, utani mwingine umefungwa kwenye vitendo vya mchezaji badala ya saa. Fanya jambo la kipuuzi mbele ya Rick, naye anakukaripia. Mnyoshee kitu, kirushe, kila kitu kinaweza kuwa na jibu lake. Utani wa namna hii haupitwi, kwa sababu wewe ndiye uliyeuwasha. Anayelicheza gemu kama orodha ya kazi, afanye lile aliloambiwa na kwenda lingine, anakosa labda nusu ya vichekesho na kumaliza mapema, kisha analalamika kwamba ni fupi na halichekeshi kiasi alichotarajia. Anayecheza kama mtoto aliyeachwa peke yake kwenye stoo anapata gemu jingine. Tofauti ya maoni yao si ladha tu. Kwa kweli hawakusikia maneno yaleyale.

Mfano ulio wazi zaidi ni mashine ya kuunganisha, ambayo ndani ya gemu inaitwa Combinator. Unaweka vitu viwili, unaiwasha, na kinatoka kimoja chenye tabia za vyote viwili. Ukichanganya tena kilichotoka na kitu kingine, unapata mseto wa mseto. Hadithi inakudai uitumie mara chache tu. Zaidi ya hapo hakuna anayekulazimisha, hakuna zawadi wala alama. Wapo wanaotumia nusu saa nzima kwenye mashine hii peke yake na kuiita moyo wa gemu, na wapo wanaoigusa mara mbili kwa amri na kuisahau. Ukisoma maoni, tafuta kama mwandishi ameitaja. Ni njia ya haraka ya kujua alikuwa mchezaji wa aina gani, na kama yeye na wewe mnafanana.

Chombo kingine kinachogawa watu ni Youseeks, kiumbe anayefanana na Meeseeks wa buluu kwenye katuni. Huyu anaiga mienendo yako: ukiinua mkono wa kulia naye anainua. Anawekwa mahali usipofika, na wewe unaunyoosha mkono hewani ili yeye ashike kitu cha mbali. Kwa mtengenezaji ni jibu la kijanja la swali gumu, yaani mchezaji asiyetembea atafikaje upande wa pili wa chumba bila kupata kizunguzungu. Kwa mchezaji ni kichekesho kwa dakika tano, kisha huwa taabu kidogo, kwa sababu unakadiria umbali ukiwa umesimama mbali, na mkono wa yule kiumbe unaipita chupa kwa sentimita mbili kila mara. Anayemsimamisha vibaya, kwa pembe iliyopinda, huongeza ugumu mara mbili. Ni rahisi zaidi kumweka sambamba nawe, akitazama unakotazama, ndipo kushoto na kulia vinabaki vilevile.

Kuhusu wasioijua katuni, maoni yanakubaliana kuliko mahali pengine popote. Gemu linachezeka, mafumbo si magumu, ila vitu vingi vya rafuni vinachekesha kwa sababu tu uliviona kipindini. Plumbus mkononi mwa mgeni ni kipande cha plastiki ya waridi chenye umbo la aibu. Kwa shabiki ni kichekesho kabla hata hajakirusha. Na Kiingereza chenyewe ni cha kasi, kimejaa matusi, kigugumizi na beuo, kiasi kwamba msikilizaji ambaye Kiingereza ni lugha yake ya tatu, akiwa Mombasa au Mwanza, atakosa mambo ambayo hata Mmarekani anayakosa mara ya kwanza. Si gemu la watoto, licha ya rangi zake.

Nyanya mkononi

Sifa moja inatokea hata kwenye maoni ya wanaolalamika: mikono inaaminika. Sababu yake inastahili kuelezwa, kwa kuwa ni ya kinyume na akili ya kawaida. Ukishika kitu kwenye magemu ya Owlchemy, mkono wako hutoweka. Kinachobaki ni kitu chenyewe, kikielea mahali ambapo mkono ulikuwa. Wachezaji wengi hawalitambui jambo hili hadi waambiwe. Studio yenyewe iliupa mtindo huu jina kutokana na nyanya ya jikoni kwenye Job Simulator: ukishika nyanya, unakuwa nyanya.

Kwa nini isionyeshwe ngumi iliyokishika kitu? Kwa sababu gereji ina vitu chungu nzima vya maumbo tofauti, na kila kimoja kingehitaji vidole vilivyopangwa upya. Vidole vikizama ndani ya chupa, au vikiacha nafasi kati ya kiganja na bisibisi, ubongo unagoma hapohapo. Mkono ukitoweka kabisa, ubongo unajaza pengo wenyewe, maana misuli inajua imeshika kontrola na jicho linaona kitu kikifuata. Hii ndiyo sababu watu husema wanajisikia wamo gerejini ingawa picha ni za katuni tupu.

Pia ndiyo sababu malalamiko ya kichefuchefu ni machache. Dunia haitembei bila wewe kutembea. Unahama kwa kuruka kutoka kituo hadi kituo, kwa hiyo sikio la ndani na jicho havigombani. Anayepata kizunguzungu hapa mara nyingi ana tatizo la kompyuta: Vive na Rift zinahitaji fremu 90 kwa sekunde, yaani picha mpya kila milisekunde 11 hivi, na mashine ikishindwa picha inachelewa nyuma ya kichwa. Kiwango kilichopendekezwa kwa Rift wakati ule kilikuwa kadi ya picha ya GTX 970, prosesa ya Core i5-4590 na memori ya gigabaiti 8.

Lawama ya kamera iliyoangukia gemu

Sehemu kubwa ya maoni mabaya ya toleo la PlayStation VR si maoni juu ya gemu. Vive hutambua mikono kwa visanduku viwili vinavyowekwa kwenye pembe mbili za chumba na kufagia miale pande zote, hivyo ukigeuka mgongo miale ya kimoja bado inakufikia. Nafasi inayotakiwa ni angalau mita 2 kwa 1.5. Rift ya kwanza ilikuja na sensa moja ya mezani, kontrola za Touch zikaja na ya pili, na waliotaka kugeuka kwa uhuru walinunua ya tatu. PlayStation VR ina kamera moja, na kontrola za Move, kifaa cha mwaka 2010, hutambuliwa kwa taa ya mviringo iliyo kichwani mwake. Kamera isipoiona taa, mkono haupo.

Sasa fikiria gereji: vitu viko kulia, kushoto na chini. Mchezaji anageuka kufungua droo, mwili wake unaifunika taa, mkono unatetemeka, unaruka dari, kitu kinaanguka. Anainama kukiokota, na sakafu iko nje ya upeo wa kamera. Hapo ndipo neno "linakwama" linapozaliwa. Dawa yake haina ufundi mkubwa: kamera iwekwe juu kidogo ya kichwa na iinamishwe, mchezaji asimame takriban mita 1.5 hadi 2 kutoka kwayo, dirisha na taa kali zisiwe nyuma yake wala zisiakisi kwenye kioo cha runinga, na ageuke kwa kuhamisha miguu badala ya kujipinda kiuno. Maandishi madogo pia yana ukungu zaidi pale, kwa kuwa kila jicho linapata pikseli 960 kwa 1080 badala ya 1080 kwa 1200 za Vive na Rift. Ukiona maoni ya 2018 kuendelea yanayolalamikia mikono, angalia kwanza kifaa.

Maoni ya miaka ya karibuni yameingiza mambo mengine. Rick na Morty wote wawili kwenye gemu ni sauti ya Justin Roiland, mmoja wa waasisi wa katuni pamoja na Dan Harmon. Januari 2023 Adult Swim walivunja uhusiano naye, na kuanzia msimu wa saba sauti zikashikwa na Ian Cardoni na Harry Belden. Gemu limebaki na sauti ya zamani. Kwa wengine hiyo ni kumbukumbu ya enzi waliyoipenda, kwa wengine ni sababu ya kutolinunua, na kura zote mbili huingia kwenye asilimia ileile bila kuwa zimesema lolote juu ya gemu lenyewe. Mwaka 2024 Warner Bros. Discovery, mmiliki wa chapa hiyo, alipowaarifu watengenezaji wadogo kwamba magemu kadhaa ya Adult Swim Games yataondolewa madukani, hofu ilienea kwa chapa nzima, na baadaye baadhi ya watengenezaji wakarudishiwa magemu yao. Asilimia ya jumla inachanganya zama hizi zote. Steam ina mchoro wa maoni kwa miezi. Chagua kipindi unachotaka kukisoma, usiwachanganye wa Aprili 2017 na wa jana.

Ukitaka kuonja mwenyewe leo

Anayeanza sasa pengine ana Meta Quest, miwani inayoweza kufanya kazi bila kompyuta, ila toleo la gemu hili lililotengenezwa kwa Quest halipo. Utahitaji kompyuta yenye toleo la Steam. Njia ya kwanza ni kebo: USB 3 ya kuaminika kutoka miwani hadi kompyuta, programu ya Meta kwenye kompyuta, kisha SteamVR, programu ya Steam ya kuendeshea miwani. Njia ya pili ni bila waya kwa programu ya Steam Link iliyotolewa kwa Quest mwishoni mwa 2023. Hapa makosa hutokea kwenye ruta kuliko kwenye miwani. Kompyuta iunganishwe na ruta kwa waya, miwani itumie masafa ya gigahezi 5, na ruta iwe chumba kilekile unachochezea. Kompyuta na miwani zote zikiwa kwenye Wi-Fi, kila pakiti inasafiri hewani mara mbili, na mkono wako utakuwa unafika sehemu ndogo ya sekunde baada yako. Kasi ya intaneti ya nyumbani haihusiki sana, kwa kuwa picha hazitoki nje ya nyumba. Bando linahusika kwenye kupakua tu.

Wenye PlayStation VR2 wasijisumbue. Magemu ya miwani ya kwanza hayafanyi kazi kwenye ya pili yasipotolewa upya. Toleo la 2018 linahitaji miwani ya zamani, kamera yake na Move mbili.

Kabla ya kuingia, rekebisha umbali kati ya lenzi mbili za miwani. Quest 2 ina nafasi tatu, milimita 58, 63 na 68, na anayeicheza kwenye nafasi isiyo yake ataona maandishi ya Rick yamefifia na kulilaumu gemu. Kisha sakafu. Kosa linalojirudia kuliko yote ni benchi la kazi kuwa kidevuni au magotini, na linatokana na miwani kudhani sakafu iko mahali pengine. Iguse sakafu halisi kwa kontrola wakati wa kupanga mipaka ya chumba, hakikisha wavu wa mipaka umelala juu ya vigae na hauelei, ndipo ufungue gemu. Usisimame chini ya feni ya dari, maana utarusha vitu, na mkono unaorusha huenda juu zaidi ya unavyodhani. Mkanda wa kontrola ufungwe kifundoni.

Halafu usianze kufua. Nguo zitangoja. Nenda kwenye mashine ya kuunganisha na uweke humo vitu viwili vya kwanza vitakavyokuja mkononi, huku jicho moja likiwa kwenye saa ya Steam, kwa sababu ikifika saa 1 na dakika 59 bado una haki ya kubadili mawazo.